Niliacha maharage jikoni nyumba ikaungua, bima italipa?

Toleo hili nimechukua maswali ya bima ya moto tu, maana yamekuja mengi na mengine hayawezi kusubiri, kuna watu hapa fomu iko mezani hawajui waandike nini. Nimeyafupisha kidogo na majina nimeyatoa.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Nyumba yetu iko Tabata na tuna bima, tunalipia kila mwaka. Jumamosi niliinjika maharage kwenye gesi nikatoka mara moja dukani, njiani nikakutana na jirani tukaongea, narudi nakuta moshi umetanda. Hamna aliyeumia ila jiko limeungua lote, makabati, friji, dari ya jikoni na ya korido, sebule imejaa masizi na maji. Majirani ndo walizima kwa mchanga na ndoo. Sasa kila mtu ananiambia nisiseme niliacha jiko linawaka, niseme shoti ya umeme, eti bima hawalipi uzembe. Nisemeje?

Marhaba dada yangu, na pole sana. Nashukuru kusikia wote mko wazima.

Usiandike shoti. Andika maharage. Nakuomba kabisa, na kama kuna mtu wa hapo nyumbani ameshapiga simu kwenye kampuni akasema shoti basi mpige leo hii mrekebishe kabla fomu haijaondoka mezani.

Hii habari kwamba bima hailipi uzembe imewakosesha watu wengi haki yao na inaniuma kila nikiisikia. Moto wa majumbani mara nyingi unaanza kwa mtu kusahau kitu, pasi imeachwa juu ya nguo, umeme umekatika mshumaa ukawekwa karibu na pazia mtu akapitiwa na usingizi, mtoto kachezea kiberiti chini ya kitanda, mpira wa gesi una ufa na mwenye nyumba anasema nitanunua mwingine mwisho wa mwezi. Kama bima ingelipa tu ule moto ambao hakuna binadamu aliyekosea popote basi ingebaki radi peke yake. Bima ya moto ni ya ajali, na ajali ni pamoja na wewe kusahau, mumeo kusahau, dada wa kazi kusahau. Kinachokataliwa ni makusudi, yaani mwenye bima kachoma nyumba yake mwenyewe ili alipwe, na hilo sio suala la bima tu ni jinai, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inaruhusu hadi kifungo cha maisha kwa anayechoma jengo kwa makusudi.

Ni kweli mikataba mingi ina sentensi inayosema mwenye bima achukue tahadhari za kawaida kulinda mali yake, na hiyo sentensi ndo watu wanaishikilia kutishana. Lakini maana yake sio kwamba usisahau kamwe. Maana yake ni usiione hatari ukaiacha kusudi, mfano fundi umeme kakuambia waya za ndani zimeungua na saketi breka haifanyi kazi, wewe ukaunganisha moja kwa moja ukaendelea kutumia mwaka mzima. Kuondoka kwenda dukani ukachelewa kwa maongezi sio hiyo.

Sasa angalia huo uongo wa shoti utafikia wapi. Kampuni itamtuma ajasta, huyu ni mtu wa kukagua hasara, na kazi yake kila siku ni kuingia kwenye vyumba vilivyoungua. Ataingia jikoni kwako akatazame ukutani, moto unaacha alama, unaanzia chini mwembamba unapanuka kwenda juu, na hiyo alama itakuwa imeanzia kwenye jiko la gesi wala sio kwenye soketi. Ataangalia kile kitufe cha jiko, kimeyeyuka kikiwa kimefunguliwa. Ataangalia sufuria, chini kuna maharage yamekuwa mkaa. Alafu atafungua soketi na kutafuta waya, maana shoti yenyewe ikitokea huwa inayeyusha shaba ikaacha vipunje vidogo vya duara kwenye ncha za waya, na kwako huenda visiwepo. Akitoka nje atasalimia majirani, na yule mtoto wa jirani atamwambia mama alikuwa anapika maharage. Hapo moto ambao ulikuwa unalipwa vizuri kabisa unageuka klemu, yaani madai, ya udanganyifu, na karibu kila mkataba wa bima una kipengele kwamba ukitoa maelezo ya uongo kwenye madai unapoteza fidia yote, sio ya jiko tu.

Kwa hiyo andika kama ulivyonieleza mimi. Saa ngapi uliondoka, ulirudi ukakuta nini, nani alizima na kwa kitu gani. Hukumuua mtu dada yangu, usijione mhalifu.

Kuhusu utakacholipwa, angalia kwanza mkataba wako una sehemu gani. Jengo ni sehemu yake na vitu vya ndani ni sehemu yake, wengi wanakata ya jengo peke yake wakidhani na friji imo. Kama zote zipo basi dari, makabati ya kujengea, rangi ya sebule iliyoharibiwa na masizi, makochi yaliyolowa maji, vyote vinaingia, hata maji na mchanga wa kuzimia vinahesabiwa ni matokeo ya moto. Sufuria lenyewe na yale maharage usiyategemee, mikataba ya moto kwa kawaida huondoa kitu ambacho chenyewe ndo kilikuwa kinapashwa moto. Vivyo hivyo kwa mwenye kesi ya umeme kweli, kama shoti imeanzia ndani ya friji, friji lile lile lililojichoma laweza kukataliwa lakini kabati na dari vilivyoshika moto kutoka kwake vinalipwa. Kama kuna kitu kilibebwa wakati watu wanatoa vyombo nje, hicho kitaje peke yake kama wizi, na uangalie kama mkataba una wizi, maana bima ya moto tupu mara nyingi haibebi kinachoibwa wakati wa moto. Na kama ukuta wa jirani umeungua pia, mwambie kampuni mapema, bima ya mali yako haimlipi jirani mpaka kuwe na ile sehemu ya dhima kwa watu wengine, yaani ya kulipia hasara uliyomsababishia mtu mwingine.

Kingine, hukusema kama mliita Zimamoto. Namba ni 114. Hata kama moto umeshazimwa nenda kituo chao mkatoe taarifa waje waangalie, kampuni itataka ripoti ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na mara nyingi na ya polisi, na barua ya serikali ya mtaa haijawahi kuharibu kitu. Toa taarifa kwa kampuni sasa hivi, simu kwanza alafu maandishi, usingoje mpaka mahesabu yakamilike. Na tafadhali usitupe kitu! Najua nyumba inanuka na unatamani kufagia, lakini lile friji lililoungua ndo ushahidi wako kwamba ulikuwa na friji. Piga picha kila kona, funika paa kwa turubai mvua isiongeze hasara, basi, mengine yangoje ajasta.

Risiti kama zimeungua usife moyo. Tafuta meseji za malipo kwenye simu, tafuta picha za besdei ya mtoto, nyuma ya keki huwa inaonekana tv, friji, kabati la vyombo, mpaka jina la kampuni iliyotengeneza linasomeka. Nilivyokuwa dawati la madai picha za namna hiyo zilikuwa zinatusaidia kuliko orodha ndefu isiyo na kitu nyuma yake.

SWALI: Mimi niko Mwanza. Wakala alinishauri niandikishe nyumba kwa milioni 60 ili premiamu, ile hela ninayolipia bima kila mwaka, iwe nafuu, japo kujenga upya leo sio chini ya milioni 150. Alisema moto hauchomi nyumba nzima kwa hiyo milioni 60 zinatosha. Yuko sawa?

Hayuko sawa kaka yangu, na hili natamani kila mwenye bima alisome mara mbili.

Kwenye mikataba ya nyumba kuna kipengele cha uwiano. Kinasema hivi, ukikatia bima sehemu ya thamani basi na hasara utalipwa kwa sehemu hiyo hiyo, hiyo nyingine unahesabiwa umejibebea mwenyewe. Wewe umekata milioni 60 kwenye nyumba ya milioni 150, hiyo ni asilimia 40. Tuseme paa la nyuma limeungua, gharama ya kurudisha ni milioni 30. Wewe unawaza milioni 30 ni ndogo kuliko 60 kwa hiyo nalipwa yote. Hapana, unalipwa asilimia 40 ya 30, yaani milioni 12, na hapo bado hawajakata ile sehemu ya mwanzo ya hasara ambayo mwenye bima hubeba mwenyewe, wenyewe wanaiita eksesi. Milioni 18 zako unazitafuta mfukoni.

Sasa linganisha na ulichookoa. Tuseme kampuni yako inatoza asilimia 0.2 kwa mwaka. Kwa milioni 60 premiamu ni shilingi 120,000, weka VAT ya asilimia 18 inakuwa 141,600. Kwa milioni 150 ni 300,000, na VAT ni 354,000. Tofauti ni 212,400 kwa mwaka mzima, na kwa hiyo tofauti umejiweka kwenye hatari ya kukosa milioni 18 kwa moto mmoja tu wa paa. Kiwango cha kampuni yako kinaweza kuwa kingine ila hesabu inaenda hivyo hivyo.

Thamani ya kuandika ni gharama ya kujenga upya hiyo nyumba leo, kwa bei ya leo ya saruji, nondo, bati na ufundi, pamoja na kubomoa na kuondoa kifusi na malipo ya mchora ramani. Kiwanja usikihesabu, kiwanja hakiungui. Wala usiandike bei ambayo ungeuzia, nyumba ya Capri Point na nyumba ya Buhongwa zinaweza kuwa na tofali zile zile bei za kuuza zikawa mbali kabisa. Mtafute mkadiriaji majenzi akufanyie makadirio, alafu kila ukihuisha bima kaa chini uitazame ile namba upya, wengi wanahuisha kwa namba ya miaka 8 iliyopita na nyumba imeshaongezwa vyumba viwili na fensi.

Na usiruke upande wa pili ukaandika milioni 300. Bima inarudisha ulichopoteza, haikuongezei. Hata ukikata kampuni mbili kwa nyumba moja zitagawana hasara moja, hutalipwa mara mbili.

Mpigie huyo wakala leo urekebishe, katikati ya mwaka inaruhusiwa, unalipia nyongeza kwa miezi iliyobaki. Na hakikisha hela inaingia kampuni sio kwenye simu ya mtu, alafu uihakiki kava noti mpya, ile karatasi inayoonyesha umekata bima, kwenye mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kwa ile namba iliyoandikwa juu yake. Bila premiamu kulipwa hakuna bima hata kama karatasi unayo mkononi.

SWALI: Asalam aleikum. Mimi nipo Muscat nafanya kazi, nyumba yangu iko Kigamboni na ina bima kamili. Haikai mtu, mdogo wangu anapita mara moja moja kufungua madirisha. Ikiungua nalipwa?

Waaleikum salaam ndugu yangu. Tafuta kwenye mkataba kipengele cha nyumba kukaa tupu. Mikataba mingi ya makazi inasema nyumba ikikaa bila mtu kwa siku 30 mfululizo basi kinga inapungua au inasimama kwa baadhi ya mambo, wizi na uharibifu mara nyingi ndo vinaanza kuondoka, na mingine inagusa na moto. Kupita kufungua madirisha sio kukaa. Waandikie kampuni kwa email, waambie nyumba iko tupu tangu lini, nani ana ufunguo, kuna mlinzi au hamna, umeme umezimwa kwenye meni swichi au la. Wanaweza kuongeza premiamu kidogo au kukupa masharti, yapokee na yatunze kwa maandishi. Wengi walioko nje wanaogopa kusema wakidhani bima itafutwa, alafu wanalipia miaka kitu ambacho siku ya siku hakitawafaa, na inaumiza kwa sababu hiyo nyumba ni jasho la ugenini. Kama inawezekana muweke mtu aishi humo, hata mwanafunzi wa ukoo.

SWALI: Habari. Mimi mpangaji tu Sinza. Mwenye nyumba anasema nyumba ina bima nisiwe na wasiwasi. Kweli?

Nyumba yake ina bima, kitanda chako hakina. Bima ya mwenye nyumba ni ya kuta na paa na vitu vyake. Vyako wewe unakata mwenyewe bima ya vitu vya ndani, huhitaji kumiliki jengo, unahitaji tu vitu viwe vyako. Andika orodha chumba kwa chumba, na vitu vya thamani kubwa kama dhahabu, kompyuta na kamera vitaje kimoja kimoja, maana mikataba inaweka kikomo kwa kitu ambacho hakikutajwa. Uliza pia kama watalipa bei ya kitu kipya au watakata uchakavu, tv ya miaka 5 kwa hesabu ya uchakavu ni hela kidogo sana.

Alafu kuna kitu wapangaji hawaambiwi. Moto ukianzia kwako kwa kosa lako, kampuni ikishamlipa mwenye nyumba inachukua nafasi yake na ina haki ya kukudai wewe. Kwa hiyo ukikata bima yako waambie waweke na dhima ya mpangaji.

SWALI: Niko Mbeya. Nyumba yangu ina fremu mbele, moja nimempangisha fundi wa mageti anachomelea hapo hapo, nyingine wanauza mitungi ya gesi. Bima niliyokata ni ya makazi. Kuna shida?

Ipo, na ni kubwa. Kampuni ilikupigia bei ya nyumba ya kulala watu, haikuambiwa kuna cheche za kuchomelea upande mmoja na gesi upande wa pili. Kuficha au kutosema jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wao kunawapa haki ya kuukataa mkataba wote, hata kama moto umeanzia chumbani kwako kwa pasi na hauhusiani na fremu kabisa. Hii ni hadithi ile ile ya dada wa Tabata, moto wenyewe ungelipwa, kinachomnyima mtu ni alichonyamazia. Waeleze kwa maandishi, watakuja kukagua, labda watagawanya, fremu ziwe na bima ya biashara na nyumba ibaki na yake. Hata anayeweka marobota ya nguo za Kariakoo sebuleni aseme, mzigo wa biashara sio vitu vya nyumbani.

Na kwa usalama tu, bima tuiweke pembeni, huyo wa gesi na huyo wa kuchomelea wasikae pamoja. Mmoja ahame. Kuna watoto humo.

SWALI: Diani, Kwale. Nyumba ni ya mawe lakini nimeezeka makuti. Nambiwa haiwezi kupata bima.

Inaweza ila utalipa zaidi na masharti yatakuwa makali, kwa sababu mikataba ya kawaida imeandikwa kwa nyumba ya kuta za mawe au matofali na paa la bati, vigae au zege. Lazima useme makuti tangu mwanzo, hata kama ni banda la jiko tu lililogusana na nyumba kubwa. Uliza watataka nini, umbali kati ya mabanda, vizima moto, dawa ya makuti, jiko liwe wapi. Broka, yaani dalali wa bima, akikuambia acha tu tuandike vigae, muache utafute mwingine.

SWALI: Nyumba yangu Arusha iliungua vyumba viwili. Ajasta amesema milioni 9, fundi wangu anasema kurudisha ni milioni 16. Kampuni wanataka nisaini karatasi ya kukubali leo leo ndo wanipe hela.

Usisaini leo. Soma ile karatasi, karibu zote zinasema umepokea malipo kamili na ya mwisho na huna dai lingine, ukishasaini kurudi nyuma ni kazi ngumu sana.

Waombe mchanganuo wa hiyo milioni 9 kwa maandishi. Inawezekana wamekata uwiano kama nilivyomweleza kaka wa Mwanza, inawezekana ni uchakavu, ni eksesi, au ajasta ameruka dari na waya za umeme, kila sababu ina jibu lake. Mwambie fundi wako aandike makadirio yake kipengele kwa kipengele, bati ngapi, mbao futi ngapi, ufundi siku ngapi, sio namba moja chini ya karatasi, alafu uyapeleke ofisini upigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Omba ajasta arudi eneo la tukio akiwa pamoja na fundi wako. Unaweza pia kuomba walipe kile wasichobishania huku mnaendelea na kilichobaki, ila hakikisha risiti inasema ni sehemu ya malipo.

Wakigoma kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, imewekwa kwa ajili ya mtu kama wewe, huhitaji wakili kwenda. Beba mkataba, ripoti ya Zimamoto, picha, makadirio yote mawili na barua mlizoandikiana. Malalamiko kuhusu mwenendo wa kampuni yenyewe, kama kukulazimisha kusaini siku hiyo hiyo, yapeleke TIRA, wana ofisi ya kanda Arusha hapo hapo.